Ulelewa wa Kujitakia

Mwezi wa Desemba 1783, katika jarida la Berlin lililoitwa Berlinische Monatsschrift, kasisi Johann Friedrich Zöllner, alipokuwa akipinga rai iliyotangulia kuchapishwa humo kwamba ndoa yaweza kufungwa bila ya kasisi, alitia tanbihi chini ya ukurasa akiuliza huo mwangaza wa akili, ambao watu wa zama zile waliutaja asubuhi na jioni, ni kitu gani hasa. Wengi walijaribu kumjibu, Moses Mendelssohn akiwa miongoni mwao. Lakini jawabu lililodumu ni la Immanuel Kant, lililotoka katika jarida lilo hilo Desemba 1784, naye akaeleza mwishoni kwamba makala ya Mendelssohn ilikuwa haijamfikia huko Königsberg.

Jarida lile halikuwa la wanafalsafa peke yao, bali la wasomi wa kila kazi. Kant, ambaye miaka mitatu nyuma alitoa Uhakiki wa Akili Tupu, kitabu cha kurasa zaidi ya 800 kilichowachosha hata rafiki zake, safari hii aliziacha istilahi za darasani akaazima neno la mahakamani: Unmündigkeit. Kwa sheria ni hali ya mtu asiyeweza kufunga mkataba, wala kuuza shamba, wala kusimama mbele ya hakimu kwa nafsi yake, ila mlezi asimame badala yake. Mwangaza, alisema, ni kutoka katika hali hiyo. Akaongeza sifa moja nzito, kwamba tumeingia humo kwa hatia yetu wenyewe.

Mfasiri wa Kiswahili, alitafutapo neno la Unmündigkeit, huvutwa upesi na neno ujinga, na hapo huiharibu hoja nzima, kwa kuwa Kant asema waziwazi kwamba kinachopungua si akili, bali azma na ushujaa wa kuitumia bila ya kuongozwa na mtu. Utoto nao hautoshi, maana mtoto hukua apende asipende, ilhali Kant anawasema watu wazima wenye ndevu, ambao madhali wana fedha ya kulipa, kitabu huwafahamia, kasisi huwa dhamiri yao, na tabibu huwachagulia chakula.

Hatuna haja ya kwenda mbali. Katika fikihi ya Kishafi, inayofuatwa pwani yetu, mali ya yatima hukaa mikononi mwa walii, wala yatima hakabidhiwi kwa kubaleghe tu. Sharti ionekane kwake rushdi, yaani unyofu wa dini pamoja na busara ya kuitawala mali hiyo. Imamu Abu Hanifa aliweka ukomo wa kungoja, miaka 25. Imamu Shafi hakuuweka, na aliyebaleghe bila ya rushdi huzuiliwa hata akiota mvi. Huyu ndiye mtu wa Kant hasa. Ningalisema uwalii, lau neno hilo lisingalimpeleka msomaji kwa wacha Mungu wenye karama. Kwa hiyo nashika mlezi, na katika kulelewa natoa ulelewa. Kinyume chake na kiwe rushdi, kama ilivyo.

Sifa ile ya hatia ni nyepesi zaidi kuitafsiri. Kijerumani chasema selbstverschuldet, neno lenye hatia ndani yake. Sisi tunalo kujitakia, na kila ajuaye kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio amekwisha kulifahamu lote, lawama yake pamoja na kunyimwa pole.

Mtego uliobaki ni pale Kant anapotenga matumizi mawili ya akili, ya hadhara na ya faragha, kwani faragha yake si ya chumbani: ni kazi ya mtu katika cheo alichopewa. Afisa aliyeamrishwa na atii, mtozwa kodi na alipe, kasisi na afundishe itikadi ya kanisa lililomwajiri. Lakini kila mmoja wao, ashikapo kalamu mbele ya ulimwengu wa wasomaji, ana uhuru kamili wa kuzieleza kasoro azionazo. Matumizi ya kazini, basi, ndiyo tafsiri iliyo salama.

Rafiki yake Johann Georg Hamann, mwenyeji wa Königsberg pia, hakuridhika. Desemba ile ile ya 1784 alimwandikia barua Christian Jacob Kraus, akitaka ajue huyo mlezi asiyetajwa ni nani, na akiitupa hatia kwa walezi badala ya walelewa. Ana haki, walau nusu yake: Kant aliwahesabu wanawake wote katika waogopao kusimama peke yao, ilhali sheria za zama zake ndizo zilizowaweka chini ya waume na walezi. Hata hivyo mfasiri hana ruhusa ya kulainisha kujitakia kuwa kutiwa, kwani ugomvi wa Hamann umo ndani ya neno hilo, na msomaji asiyelikuta hatajua barua ile iligombania nini.