Methotreksati (madhara katika tiba ya baridi yabisi)

Methotreksati ni dawa inayotangulizwa mara nyingi katika kutibu baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Ilianza kama dawa ya saratani. Marekani iliidhinisha itumike kwa baridi yabisi mwaka 1988. Huzuia kazi ya foleti, vitamini inayohitajiwa na seli zinazogawanyika haraka, na humo ndimo yanamotoka madhara yake mengi: kichefuchefu, vidonda vya mdomoni, nywele kupungua. Vidonge vya asidi foliki hupunguza kero hizo.

Hatari kubwa zaidi imo katika ratiba. Dozi humezwa mara moja kwa wiki, kwa kawaida miligramu 7.5 hadi 25. Mgonjwa aliyezoea dawa za kila siku akiimeza hivyo, uboho hushindwa kutengeneza seli za damu, na wapo waliokufa. Heri jina la siku, tuseme Jumatatu, liandikwe kwenye bahasha ya dawa kwa herufi kubwa. Septrini, antibiotiki inayojulikana sana Afrika Mashariki, nayo huvuruga foleti. Kuzichanganya kunaweza kuangusha chembe za damu ghafla.

Damu na ini hupimwa mara kwa mara, na pombe huongeza mzigo wa ini. Kikohozi kikavu chenye kubanwa pumzi huweza kuashiria uvimbe wa mapafu, jambo adimu lakini la dharura. Dawa hii huharibu mimba, hivyo huachwa kwa ushauri wa daktari kabla ya kutafuta mtoto.