Bei ya Njia: Kutoka Merikani ya Mikindani hadi Gari la Rimoti

Gari la rimoti kwenye kioo cha simu huwa na bei moja. Anayelitazama akiwa Kariakoo na anayelitazama akiwa Chikongola, Mtwara, wote wanasoma tarakimu zilezile, na wengi huamini kwamba hapo ndipo ununuzi wa mtandaoni ulipoifuta ile tofauti ya zamani kati ya Dar es Salaam na kusini. Sizungumzii vigari vya plastiki vya sikukuu ya Idi, vinavyokufa kabla nguo mpya hazijafuliwa. Nazungumzia magari ya watu wazima wenye mchezo wao, yaliyopunguzwa mara kumi kutoka gari halisi, yenye mota kali, shokapu za mafuta, difu, na skrubu ambazo zote zinafunguka. Si mchezo wa wengi hapa kwetu. Lakini swali wanalojiuliza wachache wanaoupenda, la wapi na lini bei ni nzuri, liliulizwa kwenye pwani hii kwa kitambaa na shanga kabla ya umeme kuwapo. Dai langu ni kwamba tangu Mikindani ya Mtwara ilipokuwa bandari ya misafara, bei ya kitu chenyewe imekuwa sehemu ndogo tu ya gharama. Sehemu kubwa ni njia, na anayenunua bila kuihesabu hulipa mara mbili.

Tuanze na upepo. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi kuanzia Desemba, yakarudi na kusi. Nahodha aliyetaka kwenda na kurudi bila kulala msimu mzima ugenini alijua kwamba Kilwa ndipo penye mpaka wa busara. Akishuka zaidi, angeweza kukosa upepo wa kumrudisha kwao. Mikindani iko kusini ya Kilwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bidhaa za mbali zilizofika huko zilikuwa zimeshushwa kwanza Unguja au Kilwa, zikahesabiwa, zikatozwa ushuru, zikapakiwa upya kwenye vyombo vidogo. Kila mkono ulioushika mzigo ulibakiza chake. Chukua merikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho jina lake lilitaja kilikotoka: viwanda vya Massachusetts, upande wa pili wa dunia. Marekani ilipoingia vitani yenyewe kwa yenyewe, 1861 hadi 1865, kitambaa hicho kiliadimika na kupanda bei hadi nguo za Uingereza na Bombay zikapata mwanya wa kuingia. Mnunuzi wa Mikindani hakuwa na ugomvi na mtu wa Virginia. Ila njia ilikuwa imeziba, na gharama ya kuziba kwake ilimkuta barazani kwake.

Mto Ruvuma ungeweza kubadili hesabu hiyo kama ungekuwa mto wa kupitisha meli. Haukuwa. David Livingstone aliujaribu kwa stima Pioneer mwaka 1861, maji yakapungua akageuza. Akarudi 1862 kwa mashua, akakwamishwa na mawe. Machi 1866 alifika tena mdomoni mwa mto, safari hii akiwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, lakini mikoko na matope vilimnyima hata mahali pa kuwateremsha wanyama wake. Ikabidi apande kaskazini hadi ghuba ya Mikindani, akaanzia safari hapo. Tukio hilo dogo linaeleza mengi. Mto mkubwa wa kusini ulikuwa na mlango usioingilika, na mzigo wa bara ulilazimika kwenda kichwani mwa mtu. Mpagazi hula njiani, huugua, hutoroka. Nguo iliyopokelewa kwa mali kauli, yaani kwa mkopo wa kuaminiana, kutoka kwa tajiri wa Kihindi pwani ilikuwa imebeba hatari zote hizo ndani ya bei yake kabla haijafunguliwa huko Uyaoni.

Hapa msomaji anaweza kunikatiza: hiyo haikuwa njia, ilikuwa tamaa ya madalali. Ni pingamizi la haki, kwa sababu tamaa ilikuwapo, tena tele. Bahati nzuri nchi yetu ililijaribu jambo hili kwa vitendo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara ya jumla ilichukuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, STC, ambalo 1973 liligawanywa kuwa kampuni za biashara za mikoa, zile RTC ambazo wazee bado wanazitaja kwa kutabasamu au kwa kusonya. Mwaka huohuo ikaundwa Tume ya Bei. Dalali akaondolewa, bei ikapangwa kwa maandishi. Bidhaa za China nazo zilikuwa zinaingia kwa wingi, maana sehemu ya gharama za ndani za kujenga reli ya TAZARA ililipwa kwa kuuza humu nchini bidhaa za Kichina. Kwa nadharia, huo ulikuwa wakati ambao mtu wa Mtwara angenunua vizuri kuliko wakati wote. Kilichotokea kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 ni rafu tupu. Pale gharama ya kufikisha ilipozidi kile ambacho bei rasmi iliruhusu, mzigo haukufika, au ulifika ukapitia mlango wa nyuma. Mwaka 1983 serikali iliwasaka walanguzi na wahujumu uchumi nchi nzima. Mwaka uliofuata ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Dalali alikuwa ameshaondoka miaka kumi, na njia bado ilidai chake. Ilidai kwa foleni badala ya shilingi.

Waingereza nao walikuwa wamelipia somo hilo kwa namna yao. Mradi wa karanga ulioanza 1947 uliweka Nachingwea kuwa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Kwa ajili ya karanga ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ya kuziteremsha. Mradi ulifutwa mwanzoni mwa 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Bandari ilikamilika 1954 ikiwa haina karanga za kupakia, na reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo. Tangu hapo kusini ilitegemea meli ndogo za mwambao na barabara ya Dar es Salaam, yapata kilomita 560, iliyokatwa na Rufiji ambako magari yalipanga foleni kwenye kivuko cha Ndundu. Masika yakiingia, safari ilihesabiwa kwa siku. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na hata hapo kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kusubiri lami kwa zaidi ya muongo mmoja.

Ndani ya uhaba huo kulikuwa na gari moja ambalo halikuhitaji njia, na nadhani halijapewa nafasi yake katika historia ya ufundi wetu. Waya wa uzio ulikunjwa kuwa chesisi. Kopo la Kimbo lilipasuliwa, likanyooshwa kwa jiwe, likawa kabini. Kandambili iliyolika kisigino ilikatwa duara kwa wembe, yakatoka matairi manne, au sita kama mwenye gari alitaka lori. Ekseli ya mbele ilifungwa kwenye waya mrefu uliopanda hadi kifuani mwa mtoto, na juu yake usukani. Dereva alikimbia nyuma ya gari lake, mdomo wake ukiwa injini, akibadili gia kwenye kila mwinuko. Ukitaka kuwa mkali wa maana, hilo ndilo gari la kuendeshwa kwa mbali lililotangulia. Rimoti yake ilikuwa waya. Sisemi kwamba watoto wale walikuwa na furaha kuliko wa leo. Wengi wao wangelibadilisha mara moja kwa gari la dukani, na wangekuwa na haki. Ninachosema ni cha kihesabu. Kopo lilikuwa limeshalipiwa njia na mafuta ya kupikia, kandambili imeshalipiwa na miguu. Tairi likikatika, lingine lilikuwa limetupwa jirani. Gari la waya lilikuwa rahisi kupata kwa sababu lilikuwa rahisi kutengeneza palepale lilipovunjikia.

Magari ya rimoti ya watu wazima, kwa ajabu, yalizaliwa na tabia hiyohiyo. Tamiya ya Shizuoka, Japani, iliyokuwa imejijengea jina kwa vifaru vya plastiki vya kuunganisha, ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, Porsche 934. Mwaka 1984 ikaja Grasshopper, gari la anayeanza. Mnunuzi alipokea boksi la vipande na karatasi ya maelekezo, akaliunda mwenyewe mezani. Aliyeliunda angeweza kulifungua. Hiyo ndiyo tofauti kati ya gari hili na kigari cha Idi, ambacho kikikatika gia huwa kimekwisha. Kwa mtu wa Mtwara tofauti hii ina uzito kuliko kasi. Mchanga wa ufukwe wa Msimbati ni laini na una chumvi. Huingia kwenye beringi na gia, na baada ya michezo michache ya ufukweni gari lisilofunguka huanza kusaga, kisha hukaa kimya. Lile linalofunguka huoshwa kwa maji baridi, hupakwa grisi, hubadilishwa beringi ya bei ndogo, hurudi mchangani. Ukiweka magari mawili mbele ya kioo, moja nusu ya bei ya jingine, na lile la bei ndogo halina vipuri vinavyouzwa kimoja kimoja, basi la bei ndogo ndilo ghali. Umbali ndio ulioligeuza kuwa ghali, maana kulirudisha kwa muuzaji kunaweza kula zaidi ya thamani yake.

Kuna betri pia. Tangu Aprili 2016 kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zimekataza betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kupakiwa kama mizigo katika ndege za abiria. Hiyo ni sababu mojawapo ya matangazo mengi ya bei tamu kuuza gari bila betri wala chaja, na anayefurahia bei hiyo hugundua baadaye kwamba amenunua gari lenye tangi tupu katika nchi isiyo na kituo cha mafuta. Mawakala wanaokusanya mizigo Guangzhou hutoza kwa kilo kwa ndege na kwa mita za ujazo kwa meli, na boksi la gari la rimoti, kama boksi lolote la maonyesho, limejaa hewa. VAT ya asilimia 18 inasubiri mpakani. Halafu Kariakoo, halafu basi la kusini. Wauzaji wa Instagram wanaojibu “njoo inbox” kila wakiulizwa bei hukasirisha watu, nami nawalaumu, lakini angalau bei yao ya faraghani kwa kawaida ni ya mzigo uliokwishafika nchini.

Watetezi wa mtandao watasema hayo yote yanapungua kila mwaka, na kwa sehemu wanasema kweli. Nyaya za chini ya bahari kuanzia 2009, na huduma za fedha kwa simu kuanzia 2008, zilimpa mtu wa Mtwara kitu ambacho babu yake wa Mikindani hakuwa nacho: kuijua bei ya chanzo. Kujua huko ni silaha dhidi ya dalali mwongo. Lakini kujua bei ya chanzo na kuiondoa gharama ya njia ni mambo mawili. Mei 2024 ilitoa ushahidi ambao hakuna mwandishi angethubutu kuubuni. Kimbunga Hidaya kilipita mwanzoni mwa mwezi, mvua zikakata barabara ya Lindi na Mtwara huko Somanga. Tarehe 12 nyaya za EASSy na Seacom zikakatika baharini kusini ya Msumbiji, intaneti ikazorota nchini. Ndani ya wiki mbili njia ya lori na njia ya habari zote zilikuwa zimeumia, na kusini iliumizwa na zote mbili kwa mpigo.

Pingamizi la mwisho ni zito zaidi: kwamba tatizo ni kipato, na gari la rimoti ni anasa isiyostahili karatasi yote hii. Kipato ni kweli. Ila tazama kipato chenyewe cha Mtwara kinatoka wapi. Kwa sehemu kubwa kinatoka kwenye korosho, nayo husomewa bei mnadani kama gari linavyosomewa bei kwenye simu. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza 2007, bei ya mnada hupungua kwa makato ya usafirishaji, ghala na ushirika kabla haijamfikia mkulima. Na anayeuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, kabla ya msimu hupokea pungufu ya hapo, kwa kuwa ameuza njia nzima kwa mtu mwenye fedha mkononi. Oktoba 2018 wakulima waligoma kuuza kwa bei zilizoletwa mnadani, serikali ikatangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikawatumia wanajeshi kuzikusanya. Mkulima wa Tandahimba hahitaji kuelezwa kwamba tarakimu iliyotangazwa na tarakimu inayofika ni vitu viwili. Anachohitaji ni kuitumia elimu hiyohiyo anaponunua, iwe ni pampu ya kupulizia mikorosho au gari la mchezo wa kijana wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa kusini, ukiona gari la rimoti mtandaoni kwa bei iliyokutoa macho, liache kwanza. Tafuta bei ya gia yake ndogo na ya betri yake, uliza nani huziuza na zitafika Mtwara kwa nauli gani. Usipopata jibu, usilinunue.