Mwanamichezo Kamili ni Yupi?

Wapenzi wa ndondi za uzito wa juu hubishana bila kuchoka: bingwa yupi alikuwa mwanamichezo kamili, mwenye nguvu, wepesi na pumzi hata nje ya ulingo? Ken Norton hutajwa upesi. Alisoma chuo huko Missouri kwa ufadhili wa kucheza futiboli ya Kimarekani, na Machi 1973 alimvunja Muhammad Ali taya.

Mimi naona mizani hiyo ina hitilafu, kwani hupima vipaji vilivyoruhusiwa kuonekana tu. Mtazame Joe Louis, bingwa tangu 1937 hadi 1949. Nje ya ulingo aliipenda gofu na kuicheza vizuri. Januari 1952 alialikwa kwenye mashindano ya San Diego, ilhali katiba ya PGA, chama cha wachezaji wa gofu wa kulipwa wa Marekani, iliwatambua wazungu peke yao. Huyu ndiye aliyevaa sare ya jeshi la nchi hiyo vitani! Louis alipaza sauti, akaruhusiwa kwa kuwa hakuwa mchezaji wa kulipwa. Bill Spiller, Mmarekani mweusi ambaye gofu ndiyo iliyokuwa kazi yake, alifungiwa mlango. Kifungu hicho kilifutwa 1961.

Ali naye, aliyesifika kwa wepesi wa miguu, alikataa kuingia jeshini mwaka 1967 akiwa na miaka 25, akanyang'anywa ubingwa na leseni. Aliporejea ulingoni Oktoba 1970, miguu ile ilikuwa imepungua kasi.