Sanamu ya chuma inayocheza na kulia: nguvu yake inatoka wapi?

Katika mashamba ya mpunga ya uwanda wa Ruzizi, mpunga ukianza kutoa masuke, lazima mtu akae shambani kufukuza ndege. Mara mingi anayetumwa ni mtoto, na siku ile haendi masomo. Sanamu ya vyuma vikuukuu inaweza kumsaidia: gurudumu la kinga juu ya mti, vipande vya bati vinavyokamata upepo, na tiyo za chuma zinazogongwa. Wapita njia wanafikiri ni mchezo tu. Lakini ndani yake muko fizikia, na mwenye kuielewa hapotezi nguvu bure.

Upepo ndio injini

Bati lazima likae upande, si wima. Upepo unaligonga, unapinda kwenda huku, na bati linasukumwa kwenda kule. Ndipo gurudumu linazunguka. Mbio ya upepo ikiongezeka mara 2, nguvu yake inaongezeka mara 8. Juu ya hiyo, weka sanamu juu kupita mimea na nyumba, kwa sababu vitu hivyo vinapunguza upepo. Paka mafuta katikati ya gurudumu pia.

Sauti inatoka wapi?

Tiyo ikigongwa, inatetemeka mara mamia kwa segonde moja. Inasukuma hewa, na mtetemeko ule unasafiri karibu metre 340 kwa segonde. Tiyo ndefu inatoa sauti nzito, fupi inatoa sauti nyembamba. Ukikata tiyo ya sentimetre 60 nusu, kila kipande kitatetemeka mara 4 zaidi, si mara 2. Ukitaka kupanda kutoka do hadi do inayofuata, kata nyingine ya aina ile ile kwa sentimetre 42 hivi.

Fungia kamba wapi?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Tiyo ikitetemeka, katikati na ncha zake zinacheza sana, lakini kuna sehemu mbili ambazo karibu hazitikisiki. Zinapatikana kwenye asilimia 22 ya urefu, kutoka kila ncha. Kwa tiyo ya sentimetre 60, pima sentimetre 13 na nusu. Toboa hapo, pitisha kamba, na gonga katikati. Ukiifunga katikati, kamba inakula mtetemeko na chuma kinalia «tak» kisha kimya. Si lazima kugonga kwa nguvu sana. Lazima chuma kiwe huru.

Ndege wanazoea

Sauti inayorudi kila mara kwa kipimo kimoja, ndege wanaizoea haraka. Kwa hiyo usifunge nyundo imara kwenye gurudumu. Ining'inize kwa kamba, ibembee yenyewe: mara inagonga, mara inakosa. Tumia kamba za urefu mbalimbali, kwa sababu kamba fupi inabembea haraka kuliko ndefu. Na kila siku chache, hamisha sanamu.

Angalia chuma unachookota

Katika majimbo yetu, vita imeacha mabomu, magerenade na risasi ambazo hazijalipuka. Usikate, usigonge, wala usitoboe chuma usichokijua. Usikiguse. Wazuie watoto wasikaribie, weka alama kwa mbali, na umujulishe chef wa kijiji. Tiyo ya maji iliyotupwa na mikebe ya nyanya vinatosha.

Kitu kimoja cha mwisho. Asubuhi mapema, upepo wa ziwa mara mingi haujaanza, lakini ndege wameshaamka. Funga kamba ndefu kutoka sanamu hadi kivulini, mtu mzima aivute kwa mkono mpaka upepo uamke. Sanamu haiondoi mlinzi kabisa, lakini upepo ukivuma inaweza kushika zamu, na mtoto akaenda masomo.