Roketi Ziliruka Malindi, Wewe Uliambiwa na Nani?

Muulize kijana yeyote wa Mombasa roketi hurushwa wapi. Atakwambia Florida. Mwingine atasema Urusi, mwingine China, na yule anayeishi kwa simu atakwambia Texas kwa Elon. Hakuna atakayekwambia Ngomeni. Na Ngomeni si mbali jamani. Unashika matatu ya Malindi, kilomita kama 120, halafu unasonga kidogo kaskazini, kule kwenye mashamba ya chumvi. Pale baharini, kwenye ghuba ya Ungwana, kuna majukwaa ya chuma yamesimama majini kwa miguu yake. Kutoka pale, kati ya 1967 na 1988, zilirushwa setilaiti 9 na zikafika angani. Tisa! Si stori za baraza, ni historia iliyoandikwa.

Mimi nimesoma shule za hapa hapa kisiwani mpaka fomu four, nikaingia chuo, nikatoka kabla ya kumaliza (hiyo ni posti ya siku nyingine). Miaka yote hiyo nilichora Vasco da Gama akishuka Malindi mpaka nguzo yake naijua kwa kichwa. Roketi za Malindi? Hakuna mwalimu aliyenitajia hata siku moja.

Sasa ilianzaje? Kulikuwa na profesa wa Kiitaliano anaitwa Luigi Broglio, wa Chuo Kikuu cha Sapienza kule Roma, tena alikuwa afisa wa jeshi la anga. Mwaka 1962 Italia ilikubaliana na NASA hivi: Marekani italeta roketi aina ya Scout na kuwafunza watu, Italia itaunda setilaiti na itatafuta mahali pa kurushia. Hapa ndipo nataka mtulie kidogo. Hao Waitaliano hawakuja Malindi wakiwa wataalamu. Kwanza walikuwa wanafunzi. Mainjinia wao walipelekwa Marekani, wakakaa na wenzao wa NASA, wakashika vyuma kwa mikono yao. Tarehe 15 Desemba 1964 setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, iliruka kutoka Wallops Island, Virginia, na walioirusha ni Waitaliano wenyewe. Tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha San Marco 2 kutoka kwenye jukwaa lao la Malindi. Miaka mitano tu, kutoka kukaa darasani mpaka kurusha kutoka baharini kwa watu wengine.

Kwa nini Malindi lakini, na Italia ina bahari yake? Jibu ni ikweta. Dunia inazunguka, na mtu aliye kwenye ikweta anabebwa kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Wewe ukikaa ukutani pale Mama Ngina na kachiri yako ya pilipili, umetulia kabisa, unaenda mashariki kwa kama kilomita 1,660 kwa saa na hata chumvi haimwagiki. Mtu wa Wallops anaenda kama 1,320 hivi. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka kwetu inaanza safari ikiwa tayari imesukumwa na dunia, kwa hivyo mafuta yale yale yanabeba mzigo zaidi. Halafu mashariki yetu ni Bahari Hindi tupu. Scout ilikuwa ndefu kama jengo la ghorofa saba, vipande vinne vimepangwa kimoja juu ya kingine, na kipande kikimaliza mafuta yake kinaachwa kianguke. Afadhali kimwangukie samaki kuliko mtu.

Hilo peke yake ni somo zima la fizikia na jiografia kwa pamoja, na mfano wake uko kwenye kaunti jirani! Badala yake sisi tulipewa mfano wa mizinga na farasi kuvuta mkokoteni. Farasi gani, Ganjoni?

Ile ya kuniuma roho zaidi ni ya 1970. Tarehe 12 Desemba, Jamhuri Dei, Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, kwenye lile jukwaa kulikuwa na setilaiti ya NASA ya kilo kama 140. Aliyesimamia mradi ni mwanamke, injinia Marjorie Townsend, wa kwanza kusimamia urushaji wa setilaiti ya NASA. Akaipa jina Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya nchi ile. Neno letu. Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta miale ya eksirei kutoka angani. Ni miale ya aina ile ile ya mashine ya hospitali, lakini inayotoka kwenye nyota haifiki chini kwa sababu hewa inaizuia, ni lazima upande juu ukaitafute. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Ikaorodhesha vyanzo 339. Kimoja kati ya vile ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, na vipimo vyake viliwafanya wanasayansi waanze kusema kwa uzito kwamba pale huenda pana shimo jeusi. Kiongozi wa wanasayansi wake, Riccardo Giacconi, alipewa Nobel ya fizikia 2002.

Kwa hivyo vitabu vya astronomia duniani kote vina neno la Kiswahili ndani yake, na mtoto wa Kisauni halijui. Hiyo mimi siiti bahati mbaya. Mtu akija kwako, akajenga, akarusha, akagundua, halafu darasa la jirani halijaambiwa kitu, kuna maamuzi yalifanywa mahali. Labda hakuna aliyekaa akasema "tusiwafundishe". Ni kwamba kufundisha hakukuwa kazi ya mtu yeyote. Wenyeji walipata ajira pale, sikatai, na viongozi wa Kilifi wamepiga kelele miaka mingi kuhusu faida inayobaki nyumbani. Lakini kelele nyingi ni za kodi na pesa. Za darasa nazisikia chache sana.

Na pesa si ndiyo hatari kubwa hapa. Tuvuke maji kidogo, twende Unguja. Mwaka 1960 Uingereza na Marekani zilikubaliana kujenga Zanzibar kituo cha kufuatilia safari za mradi wa Mercury, ule wa kupeleka Wamarekani wa kwanza angani. Kituo chenyewe hakikuwa na roketi hata moja. Kilikuwa na antena, redio na watu wenye hedfoni. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alipita juu ya pwani hii hii na kituo cha Zanzibar kikaongea naye. Hebu fikiria, mtu yuko angani na sauti inayomjibu inatoka kisiwani.

Lakini mitaani watu walisikia "roketi" wakaelewa "bomu". Waliandamana. Wakasema ni kituo cha roketi za vita na vita ikija Zanzibar itapigwa kwanza. Msiwacheke. Ilikuwa vita baridi, mkoloni ndiye aliyetia saini, na mkoloni akikwambia "usijali, ni antena tu" kwa nini umwamini? Kama hujawahi kuonyeshwa antena inafanya nini, hofu ndiyo inakuwa mwalimu wako. Mapinduzi yalikuja Januari 1964, na Aprili serikali ya Karume ikawaambia Wamarekani waondoe mitambo yao. Kazi ikahamia Madagaska.

Tazameni tarehe hizo. Machi 1964, wiki chache kabla Zanzibar haijafunga, Waitaliano walikuwa wanarusha roketi zao ndogo za kwanza za kupima anga pale Malindi. Pwani moja, majira yale yale, mlango mmoja unafungwa na mwingine unafunguliwa. Unguja watu walikataa kitu wasichokielewa. Kwetu tulikikubali bila kukielewa. Mimi sioni tofauti kubwa hapo, kusema kweli.

Mambo yamesonga kidogo, tuseme haki. Oktoba 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya wa kile kituo, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Broglio, na ndani yake kuna sehemu ya elimu na mafunzo. Shirika la Anga la Kenya lilianzishwa 2017. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, ilitolewa angani kutoka kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, na waliosaidiana nao ni wale wale wa Sapienza. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyopanda roketi ya SpaceX huko California. Huku Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope wanazunguka na darubini mashuleni, mtoto anaona pete za Zohali kwa jicho lake. Hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu.

Hesabu bado inanikera lakini. Waitaliano, miaka 5 kutoka mkataba hadi jukwaa. Sisi, kutoka 1964 roketi zikipaa mbele ya macho yetu hadi 2018, ni miaka 54. Na Taifa-1 ilibidi ivuke bahari mbili kwenda kutafuta roketi, wakati majukwaa yetu hayajarusha setilaiti tangu Machi 1988.

Sasa walimu wa kisiwani, hii ni yenu. Wiki ya Anga Duniani ni Oktoba 4 hadi 10 kila mwaka. Huhitaji Scout. Chupa ya soda ya lita mbili, maji theluthi moja, kizibo kilichobana chenye valvu ya tairi, pampu ya baiskeli. Igeuze kichwa chini kwenye stendi, sukuma hewa, watoto wasimame mbali. Hewa inayasukuma maji chini, maji yanaisukuma chupa juu, na Newton ameeleweka bila farasi. Badilisheni kiasi cha maji, mpime ipi imepanda zaidi, halafu waambie watoto Ngomeni iko upande gani. Mwenye uwanja na darasa aniandikie inboksi. Chupa na pampu naleta mimi, mafuta ya bodaboda tutagawana.