Lugha ya Amri: Kiswahili, Jinja na Eneo-kazi la Kompyuta

1. Utangulizi

Makala hii inachunguza historia ya Kiswahili kama lugha ya amri mjini Jinja, mashariki mwa Uganda, na kuihusisha na uwanja mpya wa amri, yaani kompyuta. Inadaiwa hapa kwamba hati fupi za amri zinaweza kulipa eneo-kazi sura ya Kiswahili kwa gharama ndogo, lakini haziwezi kufanya kazi ya mfasiri.

2. Lugha ya Kambi

Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902. Mwishoni mwa ukoloni batalioni yake ya 4, iliyokuwa ya Uganda, ilikuwa na makao Jinja, na askari wa makabila mbalimbali waliamrishwa kwa Kiswahili. Urithi huo haukukatika. Kimaka, kitongoji cha Jinja, leo ni makao ya chuo cha ukamanda na unadhimu cha jeshi la Uganda.

Urithi huo ulikuwa na gharama yake: raia wengi walikiona Kiswahili kuwa lugha ya mtutu wa bunduki. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na hofu hiyo haikupungua. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kitekelezwe.

3. Hati za Amri

Kompyuta nayo huamrishwa. Sheli ni programu inayopokea amri zilizoandikwa na kuzipitisha kwa mfumo endeshi. Sheli ya Stephen Bourne ilitoka mwaka 1979. Ile ya Bash, iliyoandikwa na Brian Fox kwa ajili ya mradi wa GNU, ilitoka mwaka 1989. Hati ya sheli ni faili la maandishi lenye amri zinazofuatana. Mtumiaji anaweza kuamuru kwamba neno «orodha» lioneshe mafaili na neno «nakili» liyanakili. Anaweza pia kuchagua lugha ya menyu.

Hapo ndipo pengo la Uganda linapoonekana. Maktaba ya C ya GNU, inayotegemewa na mifumo mingi ya Linux, ina mipangilio ya Kiswahili ya sw_TZ na sw_KE, ilhali Uganda inawakilishwa na lg_UG, yaani Kiganda. Anayetaka Kiswahili pamoja na shilingi ya Uganda huandika mistari miwili:

LANG=sw_TZ.UTF-8
LC_MONETARY=lg_UG.UTF-8

Ofisi inapata lugha kutoka Tanzania na fedha kutoka nyumbani. Hata hivyo, hati huchagua tafsiri iliyopo tu. Menyu ambayo haikufasiriwa hubaki kwa Kiingereza. Ndiyo maana mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulianza na istilahi kabla ya programu.

4. Hitimisho

Historia ya Jinja inaonesha kwamba amri hueneza lugha bila kuifanya ipendwe. Agizo la 2022 litabaki karatasini iwapo karani wa Jinja au Mbale atawasha kompyuta isiyolijua. Inapendekezwa kwamba serikali iwalipe wafasiri, iwasilishe mpangilio wa Kiswahili cha Uganda kwa watunzaji wa maktaba hiyo, na kuvipa vyuo hati za mfano ambazo mtumiaji anaweza kuzisoma na kuzibadilisha mwenyewe. Hapo raia atakuwa mtoa amri, si mpokeaji tu.