Mtoto wa mbwa anatapika kwenye gari? Soma hapa

Wadau, mimi nafuga mbwa na swali hili naulizwa sana. Mtoto wa mbwa hutapika garini kwa sababu sehemu ya ndani ya sikio, inayoshika mizani ya mwili, bado haijakomaa. Wengi huacha wakikua. Noma ni kwamba akishaliogopa gari, hata kumpeleka chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi 3 inakuwa vita.

Dalili: udenda, miayo mfululizo, kulamba midomo, kulialia.

Mimi nafanya hivi:

1. Simpi chakula masaa machache kabla ya safari. Maji anakunywa.

2. Mwanzo tunakaa tu garini, injini imezimwa. Akizoea nawasha, bila kuondoka. Kisha tunazunguka mtaa, dakika 5.

3. Nashusha vioo kidogo hewa ipite.

4. Safari nyingi ziishie kwenye michezo, sio sindano tu.

Akizidi, mwone daktari wa mifugo, dawa ya mbwa ipo, inaitwa maropitanti. Za binadamu usimpe kwa kukisia: ibuprofeni, kwa mfano, inaweza kumuua.

Nawasilisha.